Makaa Yasiyo na Mstari

Kila mwaka Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, hutoa ripoti ya uchumi, kitabu kinene ambacho magazeti hukipekua siku moja kisha kinasahaulika. Kwenye sura ya nishati, kwa miaka mingi kumekuwa na jedwali moja linalofaa kusomwa polepole. Linaorodhesha nishati ambayo Kenya imetumia, yote ikiwa imegeuzwa kuwa kipimo kimoja, tani za mafuta. Mstari wa kwanza kabisa ni makaa ya mawe na koki. Yanafuata mafuta yaliyoagizwa kutoka nje, halafu stima ya maji na ya mvuke wa ardhini. Chini kuna jumla ya nishati iliyotumika nchini, na chini ya jumla kuna hesabu ya kila Mkenya: umetumia kilo ngapi.

Makaa ya kawaida, haya ya kwenye gunia, hayana mstari. Kuni pia hazina.

Mwaka 2004 Wizara ya Nishati iliandika sera yake, Waraka wa Kikao Namba 4, na ndani yake ikasema kwamba kuni, makaa na mabaki ya mimea ndiyo asilimia 68 ya nishati yote inayotumika Kenya. Serikali ni moja, vitabu ni viwili. Kimoja kinasema theluthi mbili ya moto wa nchi unatoka kwenye miti. Kingine kinapiga jumla ya nishati ya nchi na miti haimo. Mama wa Kabiro aliyepika mwaka mzima kwa jiko la makaa anahesabiwa tu pale jumla inapogawanywa kwa idadi ya watu. Moto wake haukuwahi kuingia kwenye hiyo jumla.

Hata lugha ilikuwa imeshaamua. Kwa Kiswahili ukisema makaa tu, umeeleweka, ni ya miti. Yale mengine ndiyo yanahitaji jina la pili: ya mawe. Mgeni ndiye huulizwa anatoka wapi. Lakini kwenye vitabu vya serikali mgeni ndiye amepewa kiti cha mbele, na ukitaka kujua ni kwa nini lazima uangalie jinsi kila moja linavyofika kwa mteja.

Makaa ya mawe hufika Mombasa kwa meli. Kenya haijachimba hata tani moja ya kuuza, kwa hivyo kinachotumika ni kile kilichoagizwa, na kilichoagizwa kina fomu ya forodha, uzito na bei. Sehemu kubwa huishia kwenye matanuri ya viwanda vya saruji, Pwani na upande wa Athi River. Wanunuzi ni wachache, kila mmoja ana ofisi na mhasibu. Sheria ya Takwimu ya 2006 inaipa KNBS nguvu ya kudai majibu, lakini kwa makaa ya mawe hiyo nguvu haihitajiki sana. Mtakwimu akitaka kujua nchi imechoma kiasi gani, hata bandarini hana haja ya kwenda. Karatasi zitamfuata alipo.

Mtambo wenyewe wa kuhesabu ulitengenezwa kwa kazi ya namna hiyo. Mwaka 1948, chini ya Tume Kuu ya Afrika Mashariki, ilianza idara ya takwimu ya Kenya, Uganda na Tanganyika, makao yake Nairobi. Mwaka huohuo ndipo Waafrika walipohesabiwa kwa sensa halisi kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo idadi yao ilikuwa makisio ya machifu na wakusanya kodi. Bidhaa zilizopita bandarini zilikuwa zinaandikwa miaka mingi kabla ya hapo. Gunia la simenti lilipata rekodi kabla ya mtu aliyelibeba.

Lakini kuna miti iliyohesabiwa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na injini zake zilichoma kuni kwa miongo kadhaa. Idara ya Misitu, iliyoanza mwaka 1902, ilikuwa na kazi nyingi, na mojawapo ilikuwa kuhakikisha reli haikosi kuni. Ndiyo sababu mikaratusi ilipandwa: inakua haraka, inawaka vizuri. Kuni za reli zilipangwa, zikapimwa, zikalipiwa, zikaandikwa. Na reli hiyo inapita katikati ya Kibera, mahali ambapo jina lake, Kibra, kwa Kinubi ni msitu. Askari Wanubi wa King's African Rifles walipewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 eneo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Kwa hivyo kwenye ardhi ileile kulikuwa na mioto miwili. Wa injini ulikuwa kwenye vitabu. Wa jiko, mita chache kutoka kwenye mataruma, hakuna aliyeuliza.

Mabadiliko yalikuja baada ya bei ya mafuta kupanda duniani mwaka 1973 na tena 1979. Wizara ya Nishati iliundwa mwaka huo wa 1979, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikashirikiana na taasisi ya Beijer ya Sweden kufanya kitu kipya: kujaribu kujua Mkenya wa kawaida anapika na nini, na miti ya kutosha itatoka wapi. Hesabu ilitisha. Wakati huohuo mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walikuwa wanajifunza kutengeneza jiko lenye udongo ndani, wazo lililotoka Thailand likabadilishwa hapa, lile ambalo leo kila mtu analiita jiko tu kana kwamba lilikuwepo tangu Adamu. Kwa maoni yangu hilo ndilo tunda bora zaidi ambalo takwimu za makaa zimewahi kuzaa Kenya, na lilipatikana kwa sababu hesabu haikuja na polisi nyuma yake.

Halafu kimya cha karibu miaka 20.

Mwaka 2002 kampuni ya Kamfor iliikabidhi wizara utafiti mkubwa wa nishati ya nyumbani na ya biashara ndogo. Ulisema Wakenya wanahitaji tani milioni 34.3 za miti kwa mwaka huku miti inayoweza kukatwa bila kumaliza msitu ikiwa tani milioni 15 tu. Ulisema asilimia 82 ya nyumba za mjini hutumia makaa. Na ukasema nchi nzima hutumia tani milioni 2.4 za makaa kwa mwaka. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2005, ulitoka utafiti mwingine wa kitaifa, wa makaa peke yake, uliofanywa na ESDA. Huo ulisema tani milioni 1.6, zenye thamani ya shilingi bilioni 32, na watu 700,000 wanaopata riziki humo, kuanzia mchomaji hadi muuzaji wa kibandani.

Tani 800,000 zimepotelea kati ya ripoti mbili. Hakuna aliyeziiba. Na sidhani kama kuna upande uliodanganya. Ukitaka kujua zimeenda wapi, nenda kwa muuza makaa.

Kwenye kibanda cha makaa, iwe ni Kawangware stegi ya 46 au ndani ya Kibera, hakuna kilo. Kuna mkebe, kuna debe, kuna gunia. Mkebe unaweza kuwa wa rangi au wa mafuta ya kupikia, ule wa Kasuku. Utasikia unaitwa mkebe wa kilo nne, na hata kwenye orodha za bei za KNBS makaa yamewahi kuandikwa hivyo, mkebe wa kilo 4. Lakini hizo kilo 4 ni uzito wa kilichokuwemo zamani. Makaa ni mepesi na yana hewa katikati. Yaweke kwenye mizani uone: kilo 4 hufikishi, na hata 2 ni ngumu. Mshita wa nyanda kavu ni mzito, mkaratusi ni mwepesi. Mkebe ni uleule, moto si ule.

Na bado hujaongeza ujanja. Kuna mkebe uliogongwa chini ukaingia ndani. Kuna mkono unaopanga vipande virefu wima ili mkebe ujae upesi. Kuna vumbi. Gunia nalo lina kichwa, ile sehemu ya juu iliyofungwa kwa vijiti na wavu, na kichwa cha gunia la Narok si kichwa cha gunia la Kitui. Kila mnunuzi mtaani anayajua haya, ndiyo maana ana muuzaji wake na hahami ovyo. Mtafiti anakuja na fomu na kuuliza: kwa wiki mnatumia makaa kiasi gani? Anajibiwa: mikebe kumi. Anarudi ofisini anageuza mikebe kuwa kilo, kilo anazidisha kwa wiki 52, kisha kwa nyumba, kisha kwa nchi. Ukikosea mkebe mmoja kwa robo kilo, kufika mwisho umeumba msitu mzima au umeufuta.

Kibera inaujua mchezo huu kwa upande mwingine. Kwa miaka mingi dunia iliambiwa hapo wanaishi watu milioni moja, na kuna waliosema zaidi. Sensa ya 2009 ikapata watu 170,070. Watu waligombana kuhusu idadi hiyo, na wengine mpaka leo hawaikubali, lakini tofauti ilionyesha jinsi mtaa unavyoweza kuandikwa kwenye maombi ya misaada, filamu na hotuba kwa namba ambayo hakuna aliyekwenda kuihesabu mlango kwa mlango. Sensa hiyo ndiyo pia iliyowapa Wanubi namba yao ya kabila, zaidi ya miaka 100 tangu wafike.

Baada ya ripoti ya 2005 serikali iliamua kuacha kukisia. Sheria ya Misitu ya mwaka huohuo, na Kanuni za Makaa za 2009 zilizofuata, ziliweka mpango ambao kwenye karatasi unapendeza. Wachomaji wajiunge katika vyama. Wapate leseni. Kila shehena iwe na cheti cha asili na kibali cha kusafirisha kutoka Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Na muuzaji, wa jumla na wa rejareja, atunze rekodi ya makaa yake yametoka wapi, pamoja na nakala za vyeti hivyo.

Soma tena hiyo ya mwisho. Mwanamke aliyenunua gunia mbili kwa lori lililoshusha saa tisa usiku, anayeuza mkebe mmoja mmoja kwa watu wanaopika leo kwa pesa ya leo, ndiye sasa amekuwa mtakwimu wa serikali. Bila mshahara, bila fomu, bila mtu kumweleza. Kiwanda cha saruji kina idara ya hesabu. Yeye ana kibanda cha mabati. Nakala ya cheti ataitoa wapi, ikiwa hata dereva hana?

Kwa nini dereva hana, kila mtu anajua. Barabarani kulikuwa na mfumo mwingine wa kukusanya, wenye vituo vyake na viwango vyake, ambao haukuhitaji kibali. Ulihitaji kitu kidogo. Ningependa kuona siku moja jedwali la hizo pesa, manake ndizo zilizohesabiwa kwa uangalifu kuliko makaa yenyewe, noti kwa noti. Gharama yake haikubaki barabarani. Iliingia kwenye gunia, gunia likaingia kwenye mkebe, mkebe ukaingia Kabiro.

Hapa inabidi twende Kitui, kwa sababu hapo makaa yote mawili yanakutana. Tangu 1999 Wizara ya Nishati imekuwa ikitafuta makaa ya mawe kwenye bonde la Mui. Ilichimba visima zaidi ya 70, ikapima kina, ikapima ubora, ikagawa bonde katika maeneo manne yenye herufi A hadi D. Ilitangaza kwamba eneo C peke yake lina tani milioni 400. Mwaka 2011 kampuni ya Kichina, Fenxi, ikapewa C na D. Makaa hayo ndiyo yangekuja baadaye kulisha mtambo wa stima wa Lamu, wa megawati 1,050, ule ambao wakaazi waliupinga hadi Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni yake Juni 2019. Mpaka leo Mui haijauza hata gunia.

Kwa hiyo tuseme ni mwaka 2017, umesimama Kitui. Chini ya miguu yako kuna makaa ambayo hayajamwashia mtu yeyote chai, na serikali inayo namba yake. Mbele yako, barabarani, malori ya makaa ya miti yanaelekea Nairobi kila usiku, na ukiuliza ni mangapi, hakuna ofisi itakayokujibu.

Mwaka uliofuata majibu yalikuja kwa njia nyingine. Januari 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku usafirishaji wa makaa kutoka Kitui. Mwezi uliofuata lori la makaa likachomwa moto huko, na wafanyabiashara wa Limuru wakafunga barabara ya Nakuru kwa hasira. Mwisho wa Februari Naibu Rais William Ruto akatangaza marufuku ya siku 90 ya kukata miti kwenye misitu ya umma na ya jamii. Siku 90 zikaongezwa, zikaongezwa tena, mpaka mwaka 2023 Ruto huyohuyo, sasa akiwa Rais, akatangaza kuiondoa.

Sababu ilikuwa ya kweli. Mito ilikuwa imekauka na hakuna anayetaka Ukambani iwe jangwa. Watu wa Kitui walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini Nairobi ipike kwa miti yao huku vumbi likibaki kwao. Lakini utafiti wa 2005 ulikuwa tayari umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya makaa hutoka kwenye mashamba na ardhi ya watu binafsi. Sehemu ya misitu ya serikali ni ndogo. Marufuku ikapigwa msituni, bei ikapanda mtaani. Na hakuna popote palipoandikwa nyumba ngapi za Dagoretti au Kibra zitaguswa, kwa sababu hiyo data haikuwepo ya kuandikwa. Mwezi Septemba mwaka huohuo serikali ikaongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ikisema watu wanayachanganya na dizeli. Wanaochanganya mafuta na dizeli si wale wanaonunua ya shilingi 20 kwa chupa ya soda. Mwenye nyumba ya chumba kimoja alibanwa kushoto na kulia ndani ya miezi saba.

Wengine wakahamia gesi, na hiyo imeandikwa. Sensa ya 2019 ilisema asilimia 23.9 ya nyumba Kenya hupika kwa gesi, 11.6 kwa makaa na 7.8 kwa mafuta taa. Kuni bado 55.1. Miaka miwili baadaye gesi nayo ikapigwa VAT ya asilimia 16, ikashushwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa 2023. Mtungi ukipanda bei, watu hawaandiki barua kwa waziri. Wanarudi kwa mkebe, kimya kimya.

Sensa haiwezi kuona kurudi huko, manake inauliza jambo moja: ni nini hasa mnachopikia? Jibu moja, kisanduku kimoja. Lakini ingia kwenye ploti yoyote Kabiro uone. Mtungi wa kilo 6 wa chai ya asubuhi na mayai. Jiko kwenye korido kwa githeri na maharagwe, kwa sababu hakuna mwenye akili atakayechemsha maharagwe saa tatu kwa gesi. Stovu ya mafuta chini ya kitanda, ya dharura. Nyumba moja, mioto mitatu, na karani ameandika gesi. Mwaka huohuo wa 2019 wizara na Chama cha Upishi Safi walifanya utafiti uliouliza kuhusu majiko yote ya nyumba badala ya moja, na nyumba zenye zaidi ya jiko moja zikaonekana kuwa jambo la kawaida kabisa. Muuza maharagwe angewaambia bure.

Siku hizi kuna EPRA, iliyozaliwa na Sheria ya Nishati ya 2019, na kukusanya na kutunza data ya nishati ni kazi iliyoandikwa kwenye sheria hiyo. Ripoti zake zinasomeka vizuri, hasa kwenye stima na petroli, vitu vyenye mita na pampu. KNBS nayo kila mwezi hufuatilia bei ya makaa sokoni kwa ajili ya kupima mfumuko wa bei, na hiyo pengine ndiyo namba ya ukweli zaidi tuliyonayo, kwa sababu inaanzia pale mteja anapoanzia. Hata kama mkebe haupimi kilo, bei yake huwezi kuificha.

Na rekodi ambayo Kanuni za 2009 ziliitaka kibandani, kumbe ipo, ila iliandikwa kwa sababu nyingine. Vibanda vingi vina daftari la kurasa 32, kona zimekuwa nyeusi kwa vidole. Halina asili ya makaa wala namba ya kibali. Lina tarehe, idadi ya mikebe, na mlango: mikebe miwili, nyumba ya 7, mkebe mmoja, mama wa ghorofani, nusu, yule wa chapati, atalipa Ijumaa. Waliolipa wamepigwa mstari.